Ukiniita Shangazi

Jumapili, 3 Machi

Dada ameondoka asubuhi kwenda kwenye mafunzo yake ya uuguzi. Ameniachia mwanawe, begi moja, na maagizo mengi kuliko nguo zilizomo ndani ya begi. Shemeji yangu ni dereva wa malori ya masafa marefu, kumpata nyumbani ni bahati. Basi mtoto ni wangu muhula mzima. Naandika haya kwa sababu dada akirudi atauliza kila kitu, na mimi nikiulizwa ghafla husahau hata nilichokula.

Mtoto mwenyewe si mtoto. Ana miaka kumi na sita na tunamwita Mlingoti, tangu siku alipogonga kichwa kwenye mlango wangu akiingia, akagonga tena akitoka. Mimi sina mtoto. Nina karakana ya makochi mbele ya nyumba. Kiumbe pekee niliyewahi kumlea ni paka, naye alihamia kwa jirani. Nimemwonyesha Mlingoti chumba chake, akasema, "Asante, mama mdogo," akafunga mlango. Nimebaki sebuleni nikiutazama mlango kama mgeni ni mimi.

Jumanne, 5 Machi

Anakula. Mungu wangu, huyu mtoto anakula.

Jumamosi, 9 Machi

Mvua ya kwanza. Karakana yetu ni bati tupu bila dari, kwa hiyo mvua ikinyesha mimi na Seremala tunaongea kwa mikono. Yeye huunda fremu za mbao, mimi navalisha sponji na kitambaa. Tumegombana kila siku ya kazi tangu tuanze, na hakuna aliyewahi kushinda.

Kama kila Jumamosi, binti wa kaka yangu amepiga simu. Tunamwita Kasuku, na anayemjua haulizi kwa nini. Hana simu yake, huazima ya yeyote aliye karibu, kila mara namba ngeni, na hufungua kwa maneno yaleyale: "Shangazi shikamoo, nina shida kidogo." Shida ya leo ni mto wenye umbo la moyo. Nimemwambia mimi nashona makochi, sishoni mioyo.

Mlingoti amechukuliwa timu ya mpira ya shule. Beki. Amenipa habari hiyo akiwa ameinamia sahani ili nisione anavyotabasamu. Nimeona.

Alhamisi, 14 Machi

Nahodha wa timu amempitia Mlingoti kwenda mazoezini. Shingo nene, viatu safi, sauti ya asali. "Shikamoo mama. Poleni na kazi. Makochi mazuri sana haya, mama." Heshima ikizidi kipimo mimi huingiwa na wasiwasi. Nimeitikia marahaba ya mkato. Seremala amesema nina roho mbaya. Nimemwambia tutaona.

Jumapili, 17 Machi

Tumeona.

Jana timu ilishinda, na Mlingoti alirudi magharibi jezi yote inanuka bia. Nilishavuta pumzi ya kuanza kufoka, akaniwahi.

"Nimemwaga, mama mdogo. Walinipa kikombe, nikajifanya nimejikwaa, nikajimwagia."

Nikamkalisha. Ikatoka yote. Timu ikishinda, wanakwenda nyumbani kwa Nahodha, maana wazazi wake wana duka na Jumamosi hawarudi mpaka jioni. Huko mchezaji mpya lazima anywe kikombe mpaka chini huku wenzake wakipiga makofi. Wanaita kuvaa jezi. Ambaye hajanywa, hata kama amecheza mechi nzima na kuokoa goli la mstarini, bado hajavaa jezi.

"Hukuwaambia hapana?"

"Niliwaambia. Wakasema mimi mtoto wa mama. Nikawaambia mama hayupo, mimi ni mtoto wa mama mdogo. Wakacheka, ikapita. Lakini siku nyingine haitapita." Akanitazama. "Mama mdogo, mtu akisema hapana mara ngapi ndiyo inatosha?"

 Nilitaka kwenda kwa huyo Nahodha nikamvute hiyo shingo. Nilitaka kumfungia Mlingoti ndani mpaka mama yake arudi. Mwisho nimemchemshia mayai, kwa sababu nilikuwa sijui la kufanya na mikono yangu. Naogopa. Dada ameniachia mtoto mzima, nisije nikamrudishia mwingine.

Jumatatu, 18 Machi

Nimemweleza Seremala. Nilidhani atapandwa na hasira kama mimi. Ameweka randa chini, akajipangusa vumbi la mbao. Huyu mtu alikunywa miaka mingi kabla hajaacha, na hafichi.

"Ukimkataza mpira, atawafuata bila mpira," akasema.

"Basi nimhubirie."

"Mimi nilihubiriwa na watu wenye sauti kuliko yako. Fundi, pombe haikuwahi kunishika mkono ikanivuta. Walionivuta ni watu niliowapenda. Mfundishe kuwakatalia watu anaowapenda. Hapo ndipo pagumu."

Jioni tukafanya mazoezi karakanani. Mimi nikawa rafiki mlevi. Nimeshika kopo la gundi, nikasema, "Ewe kijana, njoo ujiburudishe kwa kinywaji hiki!" Mlingoti amecheka mpaka akaegemea ukuta. "Mama mdogo, hakuna mtu anayeongea hivyo duniani."

Seremala akaninyang'anya kopo. Hakupaza sauti. Alimwekea Mlingoti mkono begani, akamsogelea, akasema taratibu, "Kaka, mbona unatuaibisha? Kidogo tu. Au unajiona bora kuliko sisi?" Nikaona mtoto ameacha kucheka. Alikuwa anajua ni gundi, anajua ni Seremala, na bado macho yalishuka chini. Hapo ndipo nimeelewa kwamba kilichomo kikombeni si bia. Ni kukubalika.

"Sema fupi," Seremala akamfundisha. "Ukieleza, kila sababu yako wataijibu. Sema, 'Sinywi, nipe maji.' Kisha geuza maneno, waulize habari za lile goli. Watu wanapenda kusimulia magoli yao."

Tumerudia mpaka akaweza kulisema akiwa ametazama mbele. Sinywi, nipe maji. Kwa kweli hata mimi limenikaa. Mteja alipokuja kuniomba nimalize kochi lake kabla ya wote, nimemwambia siwezi, kisha nikamuuliza habari za wajukuu. Limefanya kazi.

Jumatano, 20 Machi

Leo Mlingoti ameleta swali la haki. Kukataa anaweza. Na baada ya kukataa? Anakaa pale saa nzima anazungukwa? Akiondoka, Jumatatu wote watasema amekimbia.

Tumekubaliana atanipigia simu na kuniambia neno ambalo mimi tu nitalielewa, nami nitakwenda kumchukua, na mbele yao kila kitu atanisingizia mimi: mama mdogo mkali, mama mdogo hana dogo. Nibebe lawama, nina mabega mapana. Nimemwahidi na jambo jingine: siku hiyo sitauliza swali mpaka ameoga na ameshiba.

Neno gani sasa? Mimi nimesema "nanasi." Akaniuliza, "Nitaliingizaje nanasi, mama mdogo?" Seremala akapendekeza "randa." Hapana. Mlingoti amewaza, kisha akasema, "Nitakuita shangazi."

Seremala amecheka. Mtoto wa dada yangu aniite shangazi! Ni sawa na kumwita baba mdogo mjomba. Hakuna mtu mwenye akili anayechanganya upande wa baba na upande wa mama. Ndiyo uzuri wake, kasema Mlingoti. Wenzake watadhani anaongea na ndugu mwingine, kwao ni neno la kawaida. Mimi nikilisikia kwake nitashtuka.

Nimemsifu. Nimemwambia akili hizo katoa kwetu, si kwa shemeji.

Jumamosi, 23 Machi

Sare. Bila kufungana, bila kusherehekea. Sijawahi kufurahia sare namna hii.

Jumanne, 26 Machi

Mvua. Kitambaa hakikauki, gundi haishiki. Nahodha amepita, "Shikamoo mama." Marahaba.

Jumamosi, 30 Machi

Wamefungwa matatu. Mlingoti amerudi uso umemshuka, na mimi nimepika chakula kizuri mpaka akanishuku. "Mama mdogo, unatuombea tufungwe?" Nimemwambia ale kabla hakijapoa.

Jumapili, 7 Aprili

Jana sikuandika.  Leo naandika yote.

Jana walishinda. Mlingoti alinitumia ujumbe: Tumeshinda. Tunaenda kwa Nahodha. Maneno yangu ninayo. Nikamjibu sawa. Sikuwa sawa.

Mvua ilianza adhuhuri na haikuwa mvua ya kuombwa. Mimi na Seremala tulikuwa tumeshapakia kwenye pikapu yake kochi la mteja wetu, mama anayefanya kazi benki, kochi refu la rangi ya maziwa, tumelifunika turubai, tunasubiri mvua ipungue. Ili nisikae bure nikarudi kugongelea kiti kingine. Fundi makochi hana mkono wa tatu: mmoja umevuta kitambaa, mmoja una nyundo, misumari anaiweka mdomoni na kuitoa mmoja mmoja kwa ulimi. Nilikuwa hivyo simu ilipolia. Namba ngeni. Nikaibana kwa bega.

Bati linanguruma. Sauti inakatika. "Shangazi... shangazi, naomba uje unichukue..."

"Kasuku!" nikapiga kelele kwa upande mmoja wa mdomo. "Nina misumari mdomoni! Nipigie kesho!" Nikakata.

Nikaendelea na kazi. Hilo ndilo linaloniumiza nikilikumbuka. Niliendelea na kazi, tena nikinung'unika juu ya watoto wa siku hizi.

Kiti kilipokaribia kuisha, mwavuli ukasimama mlangoni. Chini ya mwavuli, Kasuku mzima mzima. "Shangazi shikamoo, nina shida kidogo."

"Si ulinipigia nikakukatalia?"

"Mimi? Kwa simu ya nani?"

Ndipo nikaisikia tena ile sauti kichwani. Kasuku hajawahi kunipigia bila kuanza na shikamoo. Sauti ile haikuwa na shikamoo. Sauti ile ilikuwa na haraka. Nikatema misumari sakafuni.

"Mlingoti," nikamwambia Seremala. "Ameniita shangazi. Ameniita, nimemkatia simu."

Nikapiga ile namba. Inaita, haipokelewi. Nikapiga tena. Seremala alishachukua funguo. Nikamwamuru Kasuku abaki, nilipofunga mlango wa pikapu nikamkuta amebanwa katikati yetu, na mwavuli wake. Kwa Nahodha si mbali, lakini barabara ilikuwa mto. Njia nzima nilikuwa nasema, Mungu, mtoto wa watu, mtoto wa watu. Sikujua kama nasali au napiga kelele. Seremala aliniambia baadaye kwamba ilikuwa vyote.

Sikubisha hodi. Niliingia nina aproni, nina vumbi la sponji nyweleni, na mkononi nina nyundo. Naapa sikujua kama niliibeba. Muziki ukazimwa. Vijana wote wakasimama ukutani.

"Mlingoti yuko wapi?"

Walitazamana. Mmoja akajibu kwa adabu kubwa, macho kwenye nyundo: "Ameondoka, mama. Alikuwa anaongea na shangazi yake kwenye simu, shangazi ameanguka, akasema lazima aende."

Nyundo nikaishusha. Ameondoka. Ametoka. Sikuelewa huyo shangazi aliyeanguka ni nani, lakini nilielewa kwamba mtoto wangu hakuwa ndani ya nyumba ile. Ningegeuka niondoke nikishukuru, kama Kasuku hangesema, "Shangazi, na yule?"

Kwenye ujia, Nahodha alikuwa ameketi sakafuni, amempakata kijana mdogo. Kipa wao. Ana miaka kumi na minne tu, mwembamba, walimchukua timuni kwa kuruka kwake. Mlingoti alipoondoka, makofi yaligeukia kwake, naye alitaka kuvaa jezi kuliko wote. Hakuvaa kwa kikombe kimoja.

"Haamki," Nahodha akasema. Ile asali yote ilikuwa imekwisha, hii ilikuwa sauti ya mtoto. "Namwita, haamki. Nilitaka kumpigia mtu. Sikujua nimpigie nani."

Seremala alishapiga magoti. Aliweka sikio puani pa yule kijana, akamgeuza ubavu, akamwinamisha kichwa. "Anapumua. Hatumsubiri aamke. Twende."

Mbele ya pikapu walikaa Seremala na Kasuku, na hapakuwa na pa kumlaza mtu. Nyuma kulikuwa na kochi. Basi tukamlaza Kipa kwa ubavu juu ya kochi la rangi ya maziwa, Nahodha akapiga magoti kumshikilia, mimi nikasimama nimeshika turubai juu yao kama hema. Seremala akiendesha alikuwa anapaza sauti dirishani, "Ubavu! Kichwa kiinamie nje!" Kipa alitapika. Alitapika juu ya mto wa kwanza, akatapika juu ya wa pili, na Nahodha akimfuta mdomo kwa jezi yake mwenyewe, akimwambia, "Vumilia mdogo wangu, vumilia." Nilimtazama yule kijana mwenye shingo nene akitetemeka kwenye mvua, na ile hasira niliyoitunza mwezi mzima nikaitafuta nisiione.

Pale zahanati walimpokea mbiombio. Tulikaa kwenye benchi. Mama yake Kipa alikuja amevaa kandambili mbili zisizofanana. Hatimaye muuguzi akatoka, akatuambia, "Mmemuwahisha. Ameamka, anaulizia nani alishinda." Mama yake alinikumbatia mimi, vumbi na vyote, na hakuwa ananijua.

Na mimi bado sikujua wangu yuko wapi, simu yake haipatikani. Nikamtafuta Kasuku simwoni. Kumbe amefanya alichozaliwa kufanya: ameazima simu ya mtu asiyemjua na kupiga dukani kwa jirani wa karakana. Akaja anakimbia. "Shangazi! Yupo! Amekaa mlangoni kwenu, amelowa chapa chapa, anauliza mmekwenda wapi na kwa nini kuna misumari sakafuni!"

Nililia. Nililia mpaka muuguzi akaniuliza kama na mimi naumwa.

Tulipofika, Mlingoti akainuka. Nilimwahidi sitauliza mpaka ameoga na ameshiba, nikajikaza nikatimiza. Nilimtazama akila mkate wote. Kisha nikasema, "Nilikukatia simu, mwanangu."

"Yangu ilizimika, nikaazima. Ulipokata nikabaki na simu ya mtu sikioni, wote wananitazama," akasema. "Nikaona nisiishushe. Nikaendelea kuongea peke yangu. 'Ndiyo shangazi. Umeanguka? Usilie shangazi, nakuja sasa hivi.' Nikarudisha simu, nikatoka, mvua ikanizuia kwenye kibaraza cha duka njiani. Mama mdogo, ulinikatia vizuri sana."

Tulicheka wote wawili mpaka akapaliwa.

Baadaye akakusanya makombo ya mkate. "Nilimshika Kipa mkono tuondoke wote. Akasema anabaki kidogo tu. Ningemvuta?"

Nimemwambia alimshika mkono, na hilo ndilo alilokuwa nalo. Sijui kama ni jibu. Amelala. Nimefungua mlango wake mara kadhaa kumsikiliza akipumua.

Jumatatu, 8 Aprili

Kipa yuko nyumbani, kichwa kinamuuma na mama yake hamwonei huruma. Nimekwenda benki kumweleza yule mama habari ya kochi lake. Amenisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Mtoto amepona?" Nikasema amepona. "Basi badili kitambaa, nitasubiri. Na safari hii weka rangi ya kahawia. Na mimi ninao wawili."

Alhamisi, 11 Aprili

Nahodha amekuja karakanani akasimama mlangoni. Safari hii hakusifu makochi. Aliuliza kama anaweza kusaidia kulivua lile kochi. Nimempa koleo, nikamwonyesha namna ya kung'oa misumari bila kuumiza mbao.

Aling'oa safu nzima ya misumari. Kisha akasema, bila kuinua kichwa, "Mwaka jana waliponivisha mimi, nilikunywa huku nalia. Nikaambiwa machozi ni ya bia, imekupanda puani. Mimi nikadhani ndivyo timu ilivyo. Hata ladha yake siipendi, mama. Huwa namimina ya wenzangu ili wasione yangu haipungui."

"Nahodha mzima?"

"Nahodha ndiye anayetazamwa zaidi."

Seremala alisimamisha randa. Nilidhani atatoa hotuba. Alisema tu, "Shika vizuri hilo koleo, utajiumiza," akamwelekeza kidole gumba kilipaswa kukaa wapi. Nahodha alipoondoka aliniaga kwa shikamoo, nami nikaitikia marahaba kamili, yenye silabi zake zote.

Jumamosi, 20 Aprili

Mkutano wa wazazi shuleni. Kila mzazi alisimama kueleza kwamba mwanawe aliharibiwa na mtoto wa mwingine, mpaka nikaanza kujiuliza huyo mwingine amekaa kiti gani. Mwenyekiti akatukumbusha kwamba samaki mkunje angali mbichi. Ni kweli, ila hakuna aliyesema anakunjwaje.

Mama yake Nahodha alikaa nyuma, ameinamisha kichwa. Kabla ya mwezi huu ningesimama nimwambie yangu. Nilisimama, nikaeleza habari ya simu na neno, na jinsi nilivyoliharibu kwa misumari mdomoni. Walicheka, kisha wakaacha kucheka. Nikawaambia, mtoto anayejua atafuatwa bila kufokewa ni rahisi kwake kuondoka. Na mchague neno ambalo hakuna mtu mwingine anayewaita nalo.

Basi mkutano ukageuka soko. Baba mmoja amechagua "betri." Mwingine akasema mwanawe atamuuliza kama ng'ombe amezaa, tukamkumbusha hana ng'ombe, akasema ndiyo maana. Mama yake Nahodha alinifuata mlangoni. "Alikuwa hana wa kumpigia," akasema. "Sisi tuko dukani, na tunakuwa wakali. Aliniambia mwenyewe." Nikamshika mkono. 

Jumamosi, 27 Aprili

Wameshinda. Mchezaji mpya amevaa jezi: wamemmwagia ndoo ya maji baridi uwanjani, na Kipa ndiye aliyebeba ndoo. Mwalimu wa michezo amelowa pia, kwa bahati mbaya, wanasema wao.

Jumamosi, 4 Mei

Muhula umekwisha na mvua imekwisha. Leo ilikuwa sherehe ya kufunga msimu, si ya timu yetu peke yake, timu zote, kwenye ukumbi, na kila mtu anajua kwenye kumbi vichupa huingia mfukoni. Mlingoti aliniomba ruhusa tangu Jumatano. Mdomo wangu ulisema nenda. Mimi mwenyewe nilichelewa kukubaliana nao.

Amevaa shati lake la bluu akaondoka mchana, Nahodha upande huu, Kipa upande ule. Mimi nikajifanya nina kazi. Bati lilikuwa kimya, kila kitu kilisikika, hata simu ambayo haikulia. Seremala aliniambia nimegongelea kitambaa ndani nje. Nikamwambia ndiyo mtindo. Akaniondolea nyundo mkononi, akaniletea chai.

Jua lilikuwa bado halijazama nilipoisikia sauti yake nje akiwaaga wenzake. Akainama kuupita mlango. Nikaenda kumkumbatia, na kwa kuwa ni mrefu, ilibidi nijinyooshe kwa vidole vya miguu kuufikia uso, nikajifanya namtengenezea kola.

"Mama mdogo, unaninusa."

"Nani? Mimi?"

"Walituletea. Vijana wa timu nyingine, tena wakubwa. Nikasema sinywi, na Nahodha akasema sinywi, na Kipa akasema yeye alishakunywa ya maisha yake yote. Wakaondoka. Basi. Tukala." Akanishika mabega, akainama mpaka usoni pangu, akafungua mdomo wote na kunipumulia.

Vitunguu. Vitunguu vibichi, vingi, na karanga, na mdomo wa kijana aliyecheka mchana kutwa.

"Wee! Toka! Nenda kapige mswaki!" nikamfokea, na alipoingia ndani nimekaa juu ya kochi la mteja nikalia kwa raha, na Seremala akajifanya anatafuta msumari chini ya meza mpaka nilipomaliza.